Udongo wa Kipande cha Tatu

Nuhu aliichukia methali moja kuliko alivyoichukia njaa: ajali haina kinga. Ilikuwa imeandikwa kwenye malori, ilisemwa misibani, na mkurugenzi wake, Papa Buhendwa, aliitumia kila alipokosa la kusema. Nuhu alikuwa mtu wa usalama katika depo ya mafuta mjini Goma. Miaka kumi na minne alikuwa ameishi kwa kuamini kwamba methali ile ni uongo wa wavivu. Ajali ina kinga, alisema, ila kinga inataka mtu wa kuikumbuka kabla.

Wenzake walimtania. Nuhu wa kwanza alitabiri maji, walisema, huyu wetu wa Katoyi anatabiri moto. Naye alicheka pamoja nao, maana hakuwa mtu wa kununa, lakini jambo lenyewe hakulifanyia mzaha. Baba yake, mtu wa Kasongo huko Maniema, alikuwa dereva wa lori la mafuta. Lori lilipinduka na kuwaka naye akiwa ndani, akatolewa hai, akaishi miaka sita bila vidole vya kushika kijiko. Aliyemlisha uji miaka yote hiyo alikuwa Nuhu. Mtu kama huyo hahitaji kuelezwa hatari ni nini.

Mwaka 2021 kampuni ilijenga bomba la mafuta la kilometa nne na ushee, kutoka gati ya ziwani, mahali yanapofunga matishari yanayotoka Bukavu, hadi kwenye matangi ya depo. Kabla ya kununua hata msumari ilibidi ipimwe hatari yake, na mpimaji alikuwa Nuhu. Bomba liligawanywa vipande vinne. Kwa kila kipande aliuliza maswali mawili: kuna uwezekano gani bomba kupasuka hapa, na likipasuka ataumia nani? Kila jibu hupewa namba, moja hadi tano, kisha namba mbili huzidishwa. Namba inayopatikana huangukia kwenye kisanduku cha jedwali, cha kijani, cha manjano au chekundu. Kipande chekundu hupewa vane ya kujifunga yenyewe, ule mlango wa chuma unaosikia presha ikishuka na kuziba bomba kabla dakika haijaisha. Kipande cha kijani hupewa vane ya gurudumu, inayofungwa kwa mkono wa mtu, kama mtu huyo yupo na kama hajasinzia.

Mlima wa moto ulikuwa umetapika Mei mwaka uleule, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kila aliyekaa kwenye mkutano wa kugawa vane alitazama kaskazini, kwenye moshi wa Nyiragongo. Vane za kujifunga zilikuwa mbili tu. Moja ikaenda kipande cha kwanza, penye soko la gatini. Nyingine ikaenda kipande cha nne, ambacho moto wa mlima ungeweza kukifikia. Kipande cha tatu kilipita nyuma ya mtaa wa Katoyi, kwenye uwanja wa mawe meusi usio na nyumba, usio na shamba, hata mbuzi hakuwa na la kufanya pale. Uwezekano, moja. Watu hawakuwepo, lakini jedwali halina sifuri, naye akaandika moja. Moja mara moja ni moja. Kijani kibichi kabisa. Nuhu ndiye aliyezidisha, na aliirudia hesabu mara mbili.

Hata hivyo hakukiacha kipande kile mikono mitupu. Mawe ya Goma yana makali ya kisu, na chuma kikilala juu yake huchubuka na kuoza. Kwa hiyo Nuhu alidai udongo. Alibishana na wakubwa wiki tatu mpaka wakampa. Malori yakaleta udongo mwekundu kutoka Mushaki, laini, usio na hata kokoto, bomba likalazwa ndani yake na kufunikwa. Ukabaki ukanda wa udongo wenye upana wa mita nane na urefu wa karibu kilometa moja, umenyooka katikati ya mawe. Kila baada ya mita ishirini ikasimikwa nguzo ya manjano yenye namba, kuonyesha bomba linapita chini hapo hasa. Nuhu alijivunia udongo ule kuliko diploma yake. Ijumaa baada ya sala aliwahi kumpeleka mke wake, Nasiba, kuutazama, naye Nasiba akasema ni udongo mzuri, sijui kwa nini umefukiwa chuma.

Halafu, Novemba ya mwaka uliofuata, vita vikashuka barabara ya Rutshuru. Kibumba ikakimbia yote. Watu walijaa kambi ya Kanyaruchinya mpaka pa kuweka mguu pakakosekana, na waliofika mwisho wakaendelea na safari, wakauvuka mji na mizigo kichwani, wakatokea nyuma ya Katoyi. Mkulima wa Kibumba hata akikimbia risasi hutazama chini anapokanyaga. Walitembea juu ya mawe siku nzima. Mawe hayashiki kigingi cha hema, hayalaliki, hayachimbiki. Kisha wakaona udongo. Mwekundu, tambarare, laini, hauna mwenyewe. Wakashukuru Mungu na kutua mizigo.

Nuhu alipata habari Jumatatu. Jumanne asubuhi alifika, akasimama juu ya jiwe na kuhesabu mahema ya bashi, yale maturubai ya plastiki. Yalikuwa sitini na matatu, yamepangwa vizuri kama mitaa, yote juu ya bomba lake. Udongo aliouleta kulinda bomba ndio uliowaita watu wale, na kama asingeubishania, wangepita wakaenda zao.

Kiongozi wao alikuwa Mama Perpétue, mjane wa miaka hamsini hivi, aliyekuwa akiongoza ushirika wa wakulima wa viazi huko Kibumba, na ambaye hata katika taabu ile alikuwa amewagawia watu zamu za kufagia. Alikuja na binti yake Émérance, aliyebeba mtoto mgongoni na kumshika mwingine mkono. Nuhu aliwaeleza kilicho chini ya miguu yao. Mama Perpétue alisikiliza mpaka mwisho, bila kukatiza, halafu akajibu kwa adabu.

"Papa, unasema tutoke. Ni sawa. Tuonyeshe fasi ingine yenye udongo, tutatoka leo hii."

Nuhu aligeuka huku na huku, kana kwamba hakuzaliwa katika mji ule. Kote mawe. Hakuwa na pa kuwaonyesha.

Jambo moja lilimpa faraja. Nguzo za manjano zilikuwa zimesimama zote, katikati ya mahema, kwa mstari ulionyooka. Kwingine watu wangezigeuza miti ya kuezekea. Alimshukuru Mama Perpétue mbele ya watu wake. Akasema wazi kwamba kuheshimu nguzo zile kunaonyesha hawa ni watu wenye akili, na kwamba maadamu nguzo zipo, kila mtu atajua bomba liko wapi. Mama Perpétue aliinamisha macho. Nuhu akadhani ni haya ya mtu aliyesifiwa.

Kumbe lilikuwa jambo jingine, na Nuhu alikuja kulijua wakati ambapo kujua hakukumfaa mtu. Ijumaa waliyofika ilikuwa ya mvua, na hema bila mti ni shuka tu. Walizing'oa nguzo ishirini na sita za katikati, wakasimamishia bashi, watoto wakapata pa kujikinga. Jumapili mlinzi wa bomba akawaambia kwamba kesho atampasha habari mwenye nguzo, naye atakuja. Mama Perpétue aliona aibu kubwa. Kwao Kibumba mgeni hagusi kitu cha mwenyeji aliyemlaza. Akawatuma vijana wakakate matete mbali ziwani yawe miti ya mahema, akaamuru nguzo zirudi, akasimamia mwenyewe kwa kamba, kama anavyopima matuta ya viazi. Zilisimikwa penye nafasi kati ya mahema. Mstari wake ulinyooka kuliko ule wa mafundi, na ulikuwa umelikosa bomba kwa mita mbili na nusu. Alikuwa amekusudia kumwambia mwenye nguzo. Lakini mwenye nguzo alipofika alianza na shukrani, na mtu akishasifiwa mbele ya watu wake, ni vigumu kujivua ile sifa.

Nuhu alirudi depo akaketi na jedwali lake. Uwezekano wa kupasuka, sasa watu wanalala na majembe juu ya bomba: nne. Watakaoumia: tano, kwa kuwa jedwali halina sita. Ishirini. Kipande cha kijani kilikuwa chekundu. Alilipeleka jedwali kwa Papa Buhendwa na kusema kwamba ama iletwe vane ya tatu ya kujifunga, ama pampu zizimwe mpaka watu wapate pa kwenda. Vane ingechukua miezi mitano, kwa njia ya mzunguko, maana barabara zilikuwa zimefungwa. Basi zizimwe, akasema Nuhu.

Papa Buhendwa hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kuisimulia habari hii kama angekuwa mbaya. Alivua miwani, akamwomba Nuhu akae.

"Ile hatari yako naiona, Nuhu. Lakini hopitali iko na mafuta ya siku tano. Na kamio zenye kupelekea badeplase mayi, bale bale bako juu ya tuyo yako, zitatembea na nini? Chukua jedwali yako, piga ile hesabu pia."

Nuhu aliipiga, pamoja na hospitali na malori ya maji ya wakimbizi walewale waliokaa juu ya bomba. Alikaa nayo siku mbili, na kila alivyoipanga ilitoa jibu lilelile. Mafuta yakikatika, wangekufa wengi, mapema, kwa hakika. Mafuta yakiendelea, huenda wakafa, huenda wasife. Akatia sahihi bomba liendelee kufanya kazi, kwa masharti: presha ipunguzwe nusu, mafuta yasukumwe asubuhi mbili tu kwa wiki, bendera nyekundu ipandishwe kila yanaposukumwa na moto wowote uzimwe, mtu akae kwenye gurudumu la vane ya kipande cha tatu kuanzia pampu inapowaka hadi inapozimwa, na mtu asichimbe. Kwenye gurudumu akamweka Mzee Mbaraka, dereva mstaafu aliyekuwa rafiki wa baba yake, mwanamume ambaye hakusinzia kazini maisha yake yote. Miezi mitano tu. Nuhu alijiambia kwamba kazi yake duniani kwa sasa ni moja, kuwafikisha watu wale hai mpaka siku ile vane itakapokuja.

Nao walimsaidia kuliko alivyotegemea. Bendera ikipanda, mafiga sitini na matatu yalimwagiwa maji. Majembe walimkabidhi Mama Perpétue ayatunze. Lengalenga walizipanda kwa vidole, wakitoboa udongo kiasi cha kiganja, na Krismasi Émérance alimpikia Nuhu sahani ya mboga hizo, akala amesimama, huku akiona aibu kwamba zimestawi. Alianza kulala. Alianza hata kuhesabu wiki zilizobaki kwa furaha kidogo, jambo ambalo mtu wa kazi yake hapaswi kulifanya.

Januari kikaingia kipindupindu. Watu mia nne walikuwa wanajisaidia kwenye mianya ya mawe, na mvua ikishuka ilirudisha kila kitu mahemani. Wiki ya kwanza walikufa watoto wawili. Wiki ya pili, wanne. Mashirika yaliahidi vyoo vya kupachika juu ya mawe baada ya wiki sita, na Nuhu alijua wiki sita za Goma zina urefu gani. Mama Perpétue alimfuata mpaka getini pa depo. Hakulia.

"Batoto sita, papa. Tulibazika mu mawe, hata kaburi hatukuweza kuchimba. Utupe ruhusa ya choo. Choo tatu tu, hatuombi ingine kitu."

Nuhu alizunguka uwanja mzima na vijana wawili na mtalimbo, akitafuta hata mfuko mmoja wa udongo nje ya ukanda. Hapakuwa na kitu. Usiku ule hakugusa jedwali, kwa mara ya kwanza alijua jibu bila kuzidisha. Kipindupindu kilikuwa hakika na bomba lilikuwa pengine. Asubuhi akaenda na kamba ya kupimia na mfuko wa chokaa. Alipima mita mbili kamili kutoka kwenye mstari wa nguzo, akachora kwa chokaa mistatili mitatu, miwili kwenye mwisho wa mashariki wa ukanda na mmoja katikati. Aliwaambia wasiuvuke mstari hata kwa unyoya, na wakamwelewa.

Kwenye ule mstatili wa katikati aligundua kitu. Nguzo ya ishirini na nane ilikuwa inatazama ziwani, na namba zote alizisimika mwaka juzi zikitazama barabara. Alisimama akaiangalia. Akawaza kwamba ni watoto, wameizungusha katika michezo yao. Akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza namba itazame barabara, akaushindilia udongo kwa kiatu, akaendelea na kazi. Mama Perpétue alikuwa hatua tano nyuma yake, ameshika mfuko wa chokaa. Alifungua kinywa. Wakati huohuo mtoto mmoja mgonjwa alikuwa anapitishwa amebebwa, naye mama akamfuata mtoto huyo.

Vyoo viwili vya mashariki vilichimbwa bila shida, maana huko nguzo hazikuwa zimeguswa. Wiki ile alikufa mtoto mmoja tu, na watu wakaanza kusema Papa Nuhu ametuokoa. Choo cha tatu walikianza Jumatano moja ya Februari. Tishari lilikuwa limechelewa siku moja, mafuta yakasukumwa Jumatano badala ya Jumanne. Bendera ilikuwa juu na mafiga yote yalikuwa yamezimwa. Lakini bendera ilimaanisha moto, haikumaanisha majembe. Hivyo ndivyo Nuhu alivyowafundisha, na hivyo ndivyo walivyotii.

Waliobaki walimsimulia jinsi ilivyokuwa. Wanaume wawili walikuwa shimoni, Émérance anapokea udongo kwa beseni. Kwenye kina cha magoti jembe likagonga kitu kigumu. Mahali pengine popote duniani mtu angeinama atazame. Mtu wa Goma hatazami, anajua: chini ya udongo kuna jiwe, siku zote, na dawa ya jiwe ni mtalimbo. Wakaomba mtalimbo, wakapewa. Pigo la kwanza lililia vibaya. La pili vilevile. La tatu likavunja kile kidole cha chuma kinachochomoza juu ya bomba kwa ajili ya kutolea hewa, na petroli ikaruka juu kupita mahema.

Nuhu alikuwa kwenye matangi, mbele ya saa za presha. Aliona mshale ukianguka na akajua, kabla ya mtu yeyote mjini, ni kipande gani. Alipiga simu gatini wazime pampu, mtandao ukakataa mara tatu, akawapata dakika ya nne. Mzee Mbaraka alikuwa ameshaanza kuzungusha gurudumu. Lilikuwa linahitaji mizunguko arobaini na miwili, naye alikuwa na miaka sitini na nane. Alifunga kwa dakika tisa, ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma. Muda wote huo mafuta yaliyokuwa juu ya mteremko yaliendelea kushuka yenyewe kwenye tundu. Watu walikimbia vizuri, kupanda juu, kama walivyofundishwa. Hakuna aliyewasha hata njiti. Petroli ikateremka chini ya mahema, kwenye mianya ya mawe, mpaka kwenye kijia cha nyuma ambako palikuwa panapita pikipiki, na cheche ya injini moja ikaiwasha.

Walikufa watu ishirini na tisa. Wengi walikuwa wale waliorudi kuchukua watoto na wagonjwa. Émérance alikuwa miongoni mwao, na watoto wake wawili. Nuhu alifika akikimbia kwa miguu kutoka depo, na aliyoyaona hakumsimulia Nasiba wala mwingine. Alichokuwa akikirudia kwa sauti, kama mtu aliyerukwa na akili, ni sekunde hamsini. Vane ya kujifunga ingechukua sekunde hamsini.

Mafundi walifukua, wakapiga picha. Bomba lilikuwa limepita mita mbili na nusu kutoka kwenye nguzo ya ishirini na nane, na pale lilipopita hasa mafundi walikuta tundu la zamani la nguzo, limefukiwa kwa udongo uliolegea. Nuhu aliitazama picha ile akaelewa yote. Aliikunja akaitia mfukoni. Wakubwa walitaka ripoti yenye chanzo cha ajali na sahihi yake, naye akawa anaiahirisha. Akiandika kwamba nguzo zilihamishwa na wakimbizi, kampuni imepona, yeye amepona, na wale walionusurika watafukuzwa wakiitwa wauaji wa watoto wao wenyewe. Akiandika kwamba mpimaji alikosea, atasema kweli nusu.

Waliobaki walipakiwa kwenye malori wakarudishwa Kanyaruchinya. Katikati ya Aprili vane ya tatu ikafika, mpya, ndani ya sanduku la mbao. Papa Buhendwa akamwomba Nuhu apime upya ili ijulikane iwekwe wapi. Kipande cha tatu: ukanda umezungushiwa waya, watu hakuna. Moja mara moja. Kijani. Kipande cha pili kilikuwa kimepata wakimbizi wapya, namba yake ikapanda. Hesabu ilikuwa sahihi, hakuna aliyeweza kuipinga, hata yeye. Vane ikaenda kipande cha pili.

Mwisho wa Aprili Mama Perpétue akaja. Alikuwa ametembea kutoka Kanyaruchinya, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji mpaka begani. Walinzi walitaka kumzuia, Nuhu akamtoa getini mwenyewe, akampa kiti kivulini. Alikataa maji. Akasema amekuja kwa neno moja.

"Ni zile nguzo?"

Nuhu alikuwa na picha mfukoni.

"Hapana, mama. Nguzo zilikuwa fasi yake. Ni mimi nilipima mubaya."

Mama Perpétue alimtazama usoni. Hakukuwa na hasira katika macho yake, na Nuhu alitamani ingekuwepo.

"Nilizipandisha na hii mikono, papa. Juu ya aibu. Ile siku ulifika nilitaka nikuambie." Akainamisha macho kama siku ile. "Lakini ulinishukuru. Kama hukunishukuru, ningesema."

Nuhu alikaa naye mpaka kivuli kikahama, wote wawili wakilitazama lango. Kisha mama yule akasimama, akaomba aonyeshwe mahali zinapopita pikipiki za kwenda Kanyaruchinya, akaonyeshwa, akaenda taratibu akiushikilia mkono wake.

Nuhu aliingia ofisini na kuichukua ripoti. Kwenye mstari wa chanzo cha ajali aliandika: Nilishukuru kabla ya kupima. Akatia sahihi, akaipeleka. Papa Buhendwa aliisoma mara mbili, akavua miwani, akafuta macho. Akasema kwa upole kwamba hii haitapita, wakubwa hawataielewa, aiandike tena kwa lugha ya kazi: watu wasiojulikana walichimba penye bomba.

Nuhu aliichukua karatasi yake. Halafu akaketi, akaiandika tena kwa lugha ya kazi.